Bakuli Lisilo na Jina

Katika nyumba moja ya mtaa wa Airport, Changamwe, karibu na Uwanja wa Ndege wa Moi, binti alikaanga robo kilo ya kima cha ng'ombe hadi maji yakakauka. Akatia kitunguu saumu, tangawizi, sosi ya soya, sukari kidogo na pilipili ya unga, akapakua juu ya wali na kumalizia kwa mafuta ya ufuta. Ndiyo mapishi ya Kikorea. Wali ukishaiva, dakika 15 zatosha.

Mamake alionja, akauliza: “Chaitwaje hiki, mwanangu?” Binti alikosa jina la Kiswahili.

Swali hilo si dogo. Pilipili ya aina hiyo asili yake ni bara la Amerika. Baada ya 1492 ilivuka bahari, ikafika Uswahilini na Korea vilevile, na leo haihesabiwi mgeni. Kima, pilau na biriani navyo vilipokewa pamoja na majina yake, yakatoholewa. Lugha iliyotenga mpunga, mchele na wali haishindwi na bakuli moja. Wakiliita “wali wa kima cha Kikorea”, watakuwa wameanza. Wasipoliita, wapishi watashiba, Kiswahili kitalala njaa.