Kusoma Pamoja na Mkeo: Barua kwa Mpwa Wangu wa Nyakabere

Mulongwe, Uvira

Mpwa wangu mpendwa,

 Barua yako niliipokea kwa mkono wa dereva wa taksi ya Sange, nikaisoma na kuirudia, kwa kuwa jambo uliloniandikia si la kujibiwa kwa pupa. Wasema mkeo, tangu alipoingia katika chumba kile cha maombi, hufunga kavu siku tatu kila juma, hutoa fungu la kumi hata la mihogo ambayo haijang'olewa shambani, amekatazwa kula pamoja na jamaa zake wasiosali naye, na juu ya hayo yote amekataa mtoto achanjwe, maadamu nabii wao amesema sindano ni alama ya yule mnyama. Nawe waniomba vitabu vya kuivunja itikadi hiyo, upate kumwekea hoja asizoweza kuzijibu.

Vitabu nitakupa, lakini nia hiyo siipendi. Mtu aliyeshindwa kwa hoja nyumbani mwake, mbele ya watoto wake, haiachi itikadi yake. Huihamishia mahali usipoweza kuifikia, na kesho yake humrudia nabii akiwa na dalili mpya ya kuwa mumewe ndiye adui. Wakuu wa vikundi vya namna hii hulijua sana jambo hilo, ndiyo maana huwatangulizia wafuasi onyo kwamba watateswa na watu wa nyumbani mwao. Basi kila ukali wako utahesabiwa kuwa ni utabiri uliotimia.

Wala usitake kutumia nguvu. Wewe mwenyewe wawakumbuka wakimbizi wa Burundi, wafuasi wa yule mwanamke aitwaye Zebiya, waliokuwa wakikusanyika kusali huko Businyira kila tarehe 12 ya mwezi. Mwezi wa Machi 2013 polisi waliwafyatulia risasi, wakafa watu. Wengine wakakamatwa, wengine wakavuka mto Ruzizi wakaja kwetu Kongo, na hata huku wakakataa kuandikishwa kwa alama za vidole, mpaka siku ile ya tarehe 15 Septemba 2017 walipouawa zaidi ya thelathini pale Kamanyola kwa risasi za askari. Mauaji yale ni dhuluma, na mtu aliyeiacha nchi yake kwa ajili ya imani hastahili dhihaka. Nakutajia habari yao upate kuona ya kuwa mateso yote hayo hayakuwapunguzia imani hata chembe. Wala usiitegemee sheria ili umlazimishe. Ni kweli Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 yakuita wewe mkuu wa nyumba. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 22, yampa kila mtu uhuru wa dhamiri na wa dini, na mkeo ni mtu.

Tena usidhani kuwa kusoma peke yake ni dawa. Kule Kanungu, Uganda, wafuasi wa Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde walisoma sana: kila aliyeingia alitakiwa kukisoma kitabu cha maono ya wakuu wao, au asomewe, na kukirudia hata mara sita, na papo hapo mazungumzo yalizuiwa, watu wakaelezana kwa ishara za mikono wasije wakaivunja amri ya kutoshuhudia uongo. Itazame hila hiyo: kitabu kimoja, na vinywa vimefumbwa. Mwisho wa dunia walioungoja tarehe 31 Desemba 1999 ulipopita bila kutokea, wapo walioanza kudai mali walizokuwa wametoa, lakini walikuwa wamechelewa. Tarehe 17 Machi 2000 mamia waliteketea katika jumba moja, na maiti nyingine nyingi zikafukuliwa baadaye katika nyumba za kikundi hicho. Na ya Shakahola, huko Kilifi nchini Kenya, ni ya juzi tu: mwaka 2023 zilifukuliwa maiti zaidi ya 400 za watu wa mhubiri Paul Mackenzie, aliyekuwa akiwafundisha kuzichukia shule na hospitali kabla ya kufika kwenye kufunga hadi kufa.

Basi nionavyo mimi, kinachofungua akili si kitabu kuleta vita na kitabu, bali ni kusoma kwa sauti, wawili, mahali ambapo swali halina adhabu. Na kitabu cha kwanza kimo nyumbani mwako tayari. Umeniandikia kwamba mkeo ana daftari la jalada la buluu ambamo huandika maneno ya nabii kila baada ya ibada, pamoja na tarehe. Usiliibe, wala usilifunue akiwa hayupo. Mwombe akusomee, jioni kazi zikiisha, tangu ukurasa wa kwanza; nawe usikilize kwa adabu, na mkifika kwenye tarehe iliyokwisha kupita, muulize tu, “Na hili lilikuwaje?” kisha unyamaze. Yeye ndiye aliyeliandika neno lile kwa mkono wake. Hakuna mwandishi wa Uvira wala wa Ulaya atakayemshuhudia kwa nguvu zaidi.

Baadaye someni Biblia yake mwenyewe, sura nzima nzima, kwani wakuu hao huwalisha watu aya moja moja. Someni Kumbukumbu la Torati sura ya 18 hadi mwisho, panapoelezwa jinsi ya kumpima nabii ambaye neno lake halikutokea. Ezekieli sura ya 34, juu ya wachungaji wanaojilisha wenyewe. Na Matendo ya Mitume sura ya 17, ambapo watu wa Beroya wanasifiwa kwa kuyachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo waliyoambiwa na Paulo ni kweli. Ikiwa Paulo alichunguzwa, naye hakughadhibika, mkeo atajiuliza mwenyewe kwa nini nabii wake wa Nyakabere asiulizwe. Swali hilo liache liwe lake.

Nakuletea pia Kusadikika cha marehemu Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Humo kijana Karama anashtakiwa kwa kufundisha sheria, naye katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali kutafuta mambo ya manufaa, na waliporudi wakatiwa gerezani. Ni hadithi, haimtaji nabii yeyote, kwa hiyo yaweza kusomwa bila mtu kujihisi anashtakiwa. Na mara nyingi akili iliyozuiwa mlango wa mbele hupata njia katika hadithi.

Lakini kumbuka yale atakayoyapoteza. Wanawake wa chumba kile ndio waliokaa naye usiku kucha katika msiba wa mama yake, ndio wanaompalilia shamba anapougua. Ukitaka awe huru kuondoka, lazima awe na pa kwenda: wakaribishe dada zake, mpeleke kwao, mfanyie kazi ile waliyokuwa wakimfanyia wao. Naye akikuuliza wewe juu ya mwenendo wako na imani yako, mjibu kwa insafu, kwa kuwa mwenye kudai haki ya kuuliza hana budi kukubali kuulizwa. Na ikiwa mwisho wa yote ataamua kubaki, hali amesoma na amejua, atakuwa bado ni mkeo.

Jambo moja tu haliwezi kungoja vitabu. Mlipuko wa surua wa mwaka 2019 na 2020 uliua zaidi ya watu 6,000 katika nchi yetu, na wengi wao walikuwa watoto wadogo. Mwambie mkeo wazi, bila kumficha na bila kumtukana, kisha mpeleke mtoto kituo cha afya akachanjwe juma hili.

Mjomba wako akupendaye.