Maji ya udhu na chakula cha nyuki



Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi. Wengi wenu mnaopita kwenye uwanja wa madrasa yetu hapa Buyenzi mmekuwa mkituuliza juu ya yale makopo ya rangi na madebe ya mafuta yaliyopangwa kando ya ukuta, yamejaa mrehani iliyoachwa ikachanua hadi ikakauka. Yuko aliyetuambia kwa utani kwamba walimu wa siku hizi wamezeeka, hata magugu hawaoni. Tumekuwa tukijibu nusunusu na kucheka. Leo tumeona ni vyema tuwaeleze yote, kwa kuwa sehemu ya kisa hiki hatujawahi kuisema hadharani, na kwa kuwa nusu ya uwanja huo inakaribia kumwagwa zege.

Kisa kinaanzia Ramadhani ya mwaka 2016, iliyoangukia mwezi wa Juni. Mnaijua Bujumbura ya Juni. Mvua imekwisha kukata, vumbi limetanda, na mpaka Septemba au Oktoba usitarajie tone la maana. Jioni baada ya Alasiri tulikuwa tunatengeneza futari ya watoto uwanjani: ndoo mbili za juisi ya marakuja, sinia za tende, uji. Na kila jioni nyuki walikuja. Si wawili watatu. Walikaa kwenye mdomo wa ndoo mpaka mwiko ukawa hauna pa kushikwa. Tuliwafukuza kwa kanga, wakarudi.

Siku moja adhana ya Magharibi ilipolia, mtoto wa miaka tisa alinyanyua bilauri yake akagugumia, na ndani yake mlikuwa na nyuki. Alichomwa upande wa ulimi. Kinywa kikavimba mbele ya macho yetu. Tulimbeba kwenye taksi hadi hospitali, baba yake akatukuta huko na ovaroli lake la gereji, na maneno aliyotuambia alikuwa na haki nayo. Mtoto alipata nafuu usiku uleule, alhamdulillah.

Kesho yake tukagundua kundi lenyewe liko juu ya dari yetu. Vijana wawili wakajitolea. Tukakubali. Baada ya Tarawehe walipanda na matambara yaliyolowekwa petroli, na shughuli ikaisha kabla ya saa tano za usiku. Asubuhi tulizoa nyuki kwa kizolea taka, wakajaa karai. Siku tatu asali yenye harufu ya moshi ilikuwa ikidondoka kutoka darini juu ya mikeka, na sisimizi wakaifuata.

Wiki ile darasa la wakubwa lilikuwa limefika Surat An-Nahl. Hatukuipanga iwe hivyo, ndipo zamu ilipoangukia. Binti mmoja, si mwenye maneno mengi, akanyoosha kidole. Akasema, "Mwalimu, mwaka jana ulitufundisha Hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Abu Dawud, kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa wanyama wanne. Si nyuki yumo?" Yumo. Sisimizi, nyuki, hudihudi na yule ndege aitwaye suradi. Tukamwambia akae tuendelee na somo.

Kweli, wanazuoni wana maneno yao juu ya kiumbe anayedhuru, na pengine mtu angeweza kututetea. Lakini ukweli ni kwamba sisi hatukufungua kitabu wala hatukumuuliza mtu. Tuliudhika, tukachoma. Hilo ndilo lililotukera kwa muda mrefu, kuliko hata zile ndoo.

Tulikuja kupata jibu kwa mzee mmoja anayefuga nyuki huko milimani, kwenye njia ya Bugarama, tulipokwenda kwenye mazishi ya jamaa. Tulimsimulia tukitegemea atatupa dawa ya kufukuzia nyuki. Akatusikiliza, kisha akauliza, "Shehe, hapo kwenu kuna ua gani mwezi wa Juni?" Tukafikiri. Tukamtajia bugenvilia la getini na mawaridi ya jirani. Akacheka kidogo. Akasema, "Basi walikuwa na njaa."

Tuyaeleze maneno yake, maana hatukuyaelewa siku ile. Nyuki anaishi kwa vitu viwili vya ua: mbochi, yaani yale maji matamu ya ndani, na chavua, ule unga wa manjano. Mbochi ndiyo inayogeuzwa asali, chavua ndiyo inayolisha watoto wao. Kundi moja lina makumi ya maelfu ya vinywa. Sasa bugenvilia, lile jekundu tunaloliona ni majani tu yaliyopakwa rangi. Ua lenyewe ni kile kijiti cheupe cha katikati, na kwa nyuki halina kitu cha kusifia. Waridi la dukani lenye petali tele nalo limefugwa mpaka sehemu za kutoa chavua zimegeuka kuwa petali. Nyuki hutua, huzunguka, huondoka. Ni kama sinia iliyofunikwa kitambaa kizuri, ukifunua hamna wali. Wakati wa mvua huko nje kuna maua ya kila namna na hakuna anayeona taabu. Kiangazi, katika mtaa wa gereji na mabati kama wetu, kinachobaki kitamu ni soda, miwa na juisi ya futari.

Na uwanja wetu? Tulikuwa tunaufagia kila asubuhi mpaka uking'aa. Jani likichomoza, mtoto aliyechelewa darasani anapewa adhabu ya kuling'oa. Tulijisifu kwa usafi huo.

Basi tukaanza kupanda, bila ya elimu kubwa. Kwanza ilikuwa mrehani, kwa kuwa kila nyumba ina kikonyo chake. Akina mama huwa wanaikata kichwa ili itoe majani. Ukitaka kumlisha nyuki usiikate, iache itoe mashada, itachanua wiki baada ya wiki. Kivumbasi ni ndugu yake, kinavumilia ukame zaidi, na harufu yake mbu hawaipendi. Kisha alizeti, ambayo tangu mbegu mpaka ua ni kama miezi miwili. Ukipanda zote siku moja zitachanua pamoja na kwisha pamoja, kwa hiyo tunapanda chache kila baada ya wiki tatu. Watoto waliipenda alizeti kuliko vyote. Lile tuliloliita ua moja ni mamia ya maua madogo yaliyobanana, nayo hufunguka duara baada ya duara kutoka ukingoni kuelekea katikati. Wakawa wanahesabu.

Mlonge tulipanda miwili. Kaliandra tulipewa miche na mkulima anayeipanda kwenye matuta kuzuia udongo usichukuliwe na mvua; maua yake mekundu kama manyoya nyuki huyapenda, na majani hula mbuzi. Mbuzi wa jirani alituthibitishia hilo mwezi wa kwanza tu, ikabidi tuanze upya. Na kishona nguo, lile gugu ambalo mbegu zake hushika kanzu yote, tukaliacha kona moja. Tunajua mama zenu mmelalamika. Lakini nyuki hawalipiti.

Tatizo likawa maji. Kupanda Machi ni rahisi, kazi ni kumwagilia Julai, na maji ya bomba ya kiangazi mnayajua yanavyokuja na kukatika. Hapo ndipo tulipoutazama mfereji wa udhu. Tuliweka ndoo ya lita 20 chini ya mabomba tukapima: ilijaa kabla ya watoto saba kumaliza. Hadithi sahihi inatueleza kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita. Aibu nyingine hiyo, na tumeanza kuwafundisha watoto kwa kopo badala ya bomba. Hata hivyo, yanayobaki yalikuwa yanapotelea kwenye mtaro kuelekea Ntahangwa. Tulichimba kijifereji, tukapanga matofali, maji yakaelekezwa kwenye mistari ya mrehani. Hayana sabuni. Julai ya mwaka 2017 mrehani ilikuwa kijani wakati uwanja wote wa jirani ni vumbi.

Tukaweka pia sahani pana yenye maji na kokoto, nyuki apate pa kukanyaga asizame. Maji hayo hubadilishwa kila baada ya siku mbili, vinginevyo mtafuga mbu mkidhani mnafuga kheri.

Mtatuuliza, je, waliacha futari? Si kabisa. Tusidanganyane. Ila wanaokuja ndooni sasa wanahesabika, na ndoo tumezifunika kwa kitambaa, jambo ambalo tungelifanya tangu mwanzo mtoto yule asingechomwa. Asubuhi mrehani yote inavuma. Tunawapeleka wadogo wakae hatua mbili nyuma, kimya, watazame miguu ya nyuma ya nyuki: wana vifurushi vya chavua, vingine manjano, vingine rangi ya chungwa, kulingana na ua. Tuliwaeleza kwamba nyuki akitoka kwa safari moja huelekea kung'ang'ania aina moja ya ua, haruki huku na huku, na ndiyo maana chavua ya mlonge inafika kwenye mlonge. Wakubwa tuliwaonyesha kwamba vitenzi anavyoamrishwa nyuki katika sura ile ni vya kike. Wanasarufi wana maelezo yao. Lakini mfugaji yeyote atakwambia wanaotoka kwenda kutafuta chakula wote ni majike, na kila mmoja katika uhai wake wote haleti asali ya kujaza hata robo ya kijiko cha chai.

Wapo wengine ambao hatukuwajua. Wale wadogo weusi wasiouma, waliojenga kibomba cha nta kwenye ufa wa ukuta wa choo. Yule mkubwa mweusi atoboaye mbao, anayetisha kwa mvumo tu. Na wapo wanaoishi peke yao ardhini, wanachimba kijishimo kwenye udongo mtupu. Mama mmoja wa jirani alikuwa na maboga yanayoanguka yakiwa saizi ya limau, akidhani amefanyiwa hasadi. Ua la boga hufunguka alfajiri na kufumba kabla ya adhuhuri, dume mbali na jike mbali, na nyuki asipopita asubuhi hiyo, boga halishiki. Tangu mwaka ule yanashika. Yeye anasema ni dua, nasi hatubishani naye.

Kuhusu kuchomwa, neno fupi kwa wazazi. Mwiba ukibaki kwenye ngozi ukwangueni haraka kwa kucha, na ondokeni mahali hapo, maana nyuki anayechoma huacha harufu inayowaita wenzake. Harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu, kwa hiyo ndizi haziliwi karibu na kundi lao. Aliyechomwa mdomoni au kooni, au akianza kuvimba uso na kupumua kwa shida, hospitali mara moja, msingoje. Na kundi likitua kwenu, muiteni mfugaji awahamishe usiku. Hatulei mzinga madrasani na hatutalea. Watoto ni wengi, na nyuki wa kwetu ni wepesi wa hasira. Tunawalisha tu, wanakolala ni kwao. Wenye kupiga dawa bustani zao tunawaomba wasipige kwenye maua, na wangoje jua lizame.

Yule mtoto hakurudi kwetu. Baba yake alimpeleka madrasa nyingine, na hatukumlaumu. Sasa ni kijana. Humwona Ijumaa na kwenye walima, na kila akipewa bilauri huifunika kwa kiganja kabla ya kunywa.

Sasa hili la zege. Kamati imekubaliana kuusakafia uwanja ili siku ya Idi watu wasiswali kwenye matope, na hoja yao ina uzito. Sisi wenyewe tumeshasujudu kwenye matope hayo. Tumeomba ukanda mmoja wa hatua nne ukutani ubaki udongo, na mfereji wa udhu usizibwe. Ukanda tumekubaliwa. Mfereji bado unazungumzwa, na wazazi mnaokuja kwenye kikao tunawaomba mlizungumzie.

Lakini mrehani na vivumbasi vilivyo katikati lazima vitoke kabla ya mafundi kuanza. Viko kwenye makopo zaidi ya arobaini. Kila familia ije ichukue kopo moja au mawili, baada ya Alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Mbegu za alizeti tumezifunga kwenye karatasi za madaftari ya zamani. Asiye na uwanja aweke dirishani au juu ya paa la choo, palipo na jua. Maji ya kuoshea mchele yanatosha. Na tafadhali, akina mama, lile kopo la nyuki msilikate kichwa.

Wassalaam alaykum.