Mji wa Mlimani Uwatafutao Wakazi

Katika milima ya Abruzzo, nchini Italia, umo mji mdogo uitwao Santo Stefano di Sessanio, ulio juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,250. Nyumba zake za mawe zimeshikamana mithili ya ukuta wa ngome, na baadhi ya vichochoro hupita chini ya nyumba zenyewe.

Juu ya lango ingaliko nembo ya ukoo wa Medici, uliomiliki mji huu tangu mwaka 1579. Walichokitaka ni sufu nyeusi, ngumu, iliyoshonwa majoho ya watawa na sare za askari. Wachungaji nao, kila baridi ikikaribia, waliswaga kondoo hadi Puglia, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Ufugaji ulipofifia, vijana wakahama.

Tarehe 6 Aprili 2009 tetemeko la ardhi liliangusha mnara wa mji. Mnara umekwisha kujengwa upya. Kuwarudisha watu ndiko kugumu. Mwaka 2020 wakazi walikuwa 115 tu, ndipo halmashauri ilipoahidi kuwalipa wahamiaji wasiozidi miaka 40 hadi euro 8,000 kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Ahamiaye huko sharti azoee theluji, na dengu ndogo za rangi ya kahawia iliyokoza ambazo wenyeji huzithamini mno.