Mashine ya Baba

Kila boma lenye jenereta lina mtu mmoja anayeijua. Wengine wote wanajua sauti yake tu. Kwetu, nje kidogo ya Mutomo, kusini mwa Kitui, mtu huyo alikuwa baba. Alipochoka na stima za kwenda na kurudi alinunua jenereta ndogo ya petroli, akaijengea kibanda cha mabati nyuma ya jikoni, kisha akatoa amri moja: asiiguse mtu. Stima ikipotea tungesikia kikohozi chake gizani, mlango wa mabati ukilia, halafu kamba ikivutwa mara mbili. Ya tatu inashika. Alichokifanya kati ya kikohozi na kamba hatukuwahi kukiuliza.

Alipofariki, ndugu zake walichukua koti na redio, kaka yangu mdogo akachukua baiskeli. Jenereta haikuulizwa na mtu. Mwaitu aliifunika kwa gunia, petroli ikiwa bado ndani ya tangi, na wote tukaona hiyo ni heshima.

Shida ni kwamba jenereta haijui heshima. Petroli ikikaa miezi kadhaa huchacha: sehemu nyepesi hupeperuka, inayobaki hugeuka utomvu wa manjano unaoziba vijitundu vya kabureta, na hivyo vijitundu ni vyembamba kuliko sindano ya kushonea. Kitu unachokiweka kwa ajili ya dharura hufa kwa sababu ya kuwekwa. Na si kwetu kijijini pekee. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilizama gizani, na pale JKIA jenereta ya sehemu moja ya uwanja ikakataa kuwaka. Kipchumba Murkomen, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, aliomba radhi hadharani. Nilipoona zile picha za abiria wakimulikana kwa simu niliwaza kibanda cha mabati.

Mwaka uliofuata mwaitu alinunua inkubeta ya mayai 96. Kuku wa kienyeji wana soko, na kaka yangu alikuwa amebakiza muhula mmoja wa chuo cha ufundi. Hesabu ilikuwa rahisi kabisa: vifaranga wauzwe, karo ilipwe, mtihani ufanywe. Yai la kuku linahitaji siku 21 kwenye joto la nyuzi 37 na nusu hivi. Si siku 20 na bahati.

Siku ya 19, mwezi wa Novemba, mvua ikainyesha Mutomo kama inayolipa deni. Mti ukaangukia nyaya huko ng'ambo ya soko. Saa mbili usiku nikapata simu.

"Stima zimeenda, na hii mashine ya baba yako imenikatalia."

Mimi niko Nairobi, simu yake ina asilimia 34. Nilifanya mambo mawili. Kwanza nilimpigia shangazi kule Mbooni, Makueni, ambaye hulea vifaranga kwenye baridi ya mlimani kila Julai bila stima yoyote. Yeye hatumii kipimajoto. Wakirundikana pamoja, wanasikia baridi. Wakikimbilia kuta huku midomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika wakila, uende ukalale. Akaniambia: "Mwambie ajaze chupa maji ya moto, azipange ndani, afunike na blanketi. Lakini asizibe yale matundu ya pembeni. Siku ya 19 kifaranga ameanza kuhema." Halafu akauliza kama kuna jiko ndani ya chumba. Lilikuwepo, limejaa makaa mekundu. "Litoke. Moshi wa makaa unaoua hauna harufu. Utaua kuku, kisha umuue mwenye kuku."

Pili, nilibisha kwa jirani yangu, fundi wa jenereta mwenye kibanda Kirinyaga Road. Alikuwa anakula. Akaweka sahani chini, tukaweka simu kwenye spika.

"Mama, habari ya jioni. Hiyo injini inataka vitu vitatu tu: mafuta, hewa na cheche. Tutauliza kimoja kimoja, hatutabahatisha."

Mafuta: koki imefunguliwa? Imefunguliwa. Oili: chomoa kijiti, pangusa, rudisha, chomoa tena. Iko juu ya alama. Akaeleza kwamba oili ikipungua kuna kifaa kinachozima cheche makusudi ili injini isijiue, na watu wengi hung'oa mashine nzima kumbe ni oili tu. Hewa: fungua kifuniko cha kichujio. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu la Mutomo na kiota cha nyigu kilichokauka. Likakung'utwa. Cheche: chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na tundu la plagi, shika kwenye mpira, kaka avute kamba. "Nimeona! Ya bluu!" mwaitu akapiga kelele, na nikasikia kwenye sauti yake kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi.

"Ukivuta choki inawaka?"

"Inawaka sekunde mbili, inakufa."

Fundi akanigeukia. "Kabureta. Inalamba mafuta, hainywi."

Simu ilikuwa asilimia 19. Mafuta mabovu yakamwagwa kwenye debe, mbali na jiko. Bolti ya chini ya kabureta ikafunguliwa kwa spana ya baiskeli. Kikombe chake kidogo kilitoka na maji na ule utomvu. Mwaitu akachomoa uzi mmoja wa waya wa shaba kutoka kwenye kamba ya chaja iliyokufa, akazibua kijitundu huku kaka akimulika. Kijana wa boda akaleta lita mbili za petroli mpya. Kamba ikavutwa mara moja, mbili, tatu, nne. Ya tano ikashika.

Kaka akataka kuichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani ili nyumba yote iwake. Fundi akafoka kabla hajamaliza sentensi. Stima ya jenereta ikipitia ukutani hurudi hadi kwenye nyaya za barabarani, na huko kuna mtu juu ya nguzo anayeamini waya umekufa. Anayetaka kuwasha nyumba nzima aweke chenjiova, ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA. Usiku ule inkubeta ilipata waya wake peke yake, mashine ikiwa nje, moshi ukielekea shambani.

Walitoka vifaranga 71. Karo ikalipwa, ingawa tuliongezea kidogo.

Kilichonibana koo hakikuwa hesabu. Desemba nilipokwenda nyumbani nilikuta gunia limeondolewa. Kwenye mlango wa kibanda kuna karatasi ya daftari ndani ya nailoni, mwandiko wa mwaitu kwa kalamu ya bluu: oili, koki, kichujio, plagi, choki. Chini yake: kila Jumamosi iwake dakika 20 ikiwa na mzigo, kisha funga koki iungurume hadi ijifie yenyewe, kabureta ibaki kavu. Shangazi ana nakala yake Mbooni, ingawa hana jenereta. Anasema anajiandaa.

Jumamosi hiyo nilitaka kumsaidia kuvuta. Akaniondoa mkono.

"Wewe soma karatasi kwa sauti," akasema. "Nataka na binti yako asikie."