Mgeta kwa Mjomba

Mama alipofariki alizikwa Dar es Salaam, alikoolewa. Arobaini ilipopita, mjomba akapiga simu kutoka Mgeta: njooni wote wawili, akija mmoja sina la kusema. Mimi na kaka hatukuwahi kufika huko. Tena tulikuwa hatusemezani tangu nyumba ya marehemu baba iuzwe bila mimi kuarifiwa. Habari zetu zilipita kwa mama: kaka yako kahama, mdogo wako kajifungua.

Tulipanda treni ya mwendokasi, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro mwaka 2024. Safari ni kama saa mbili. Tuliongelea mvua na bei ya nyanya, basi. Mjini Morogoro tukapata gari la Mgeta. Tuliacha barabara ya Iringa pale Sangasanga, tukapita Mlali, kisha gari likaanza kupanda milima ya Uluguru, huku bonde upande mmoja na ukuta wa udongo mwekundu upande wa pili. Kwenye kona kali kaka alinishika mkono, akauachia haraka.

Kaka anauza mboga Ilala. Karoti za Mgeta amezishika miaka yote bila kujua zinakotoka. Gari liliposimama, vijana walikuwa wanafunga tenga kando ya barabara. Karoti zimeshaoshwa, bado zinachuruzika maji. Zinapangwa kwa duara, vichwa nje, safu juu ya safu, mpaka zinapita mdomo wa tenga, ndipo majani yanafunikwa juu na kamba inakazwa kwa goti. Kaka alitazama mpaka mwisho. "Mdogo wangu," akasema, "kumbe lumbesa inaanzia huku!" Tukacheka.

Kwa mjomba tulipewa chai ya maziwa ya mbuzi. Mbuzi wa maziwa wenye asili ya Norway wameenea huku tangu miaka ya 1980, kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Baridi ilikuwa ya kutetemesha. Asubuhi mjomba akatupeleka shambani.

Shamba la mama ni ngazi chache za matuta ubavuni mwa mlima, zina njegere na kabichi, na mfereji wa maji unapita juu yake. Matuta ya ngazi Uluguru yana historia chungu: mwaka 1955 watu wa upande wa Matombo waliinuka dhidi ya serikali ya kikoloni iliyowalazimisha kuyachimba. Mgeta, penye maji ya kumwagilia na mboga zenye soko, matuta yapo hadi leo.

Mjomba alisimama kwenye jiwe la mpaka. Alimgeukia kaka kwanza. "Mjomba, hapa si mali ya kuuza. Ni ardhi ya ukoo wa mama yenu. Wewe utalima ukitaka, lakini wanao ni wa ukoo wa mama yao. Watakaolirithi ni watoto wa dada yako." Kaka akainamisha kichwa. Nami, nakiri, nilifurahi, kwa sababu ya ile nyumba.

Furaha hiyo haikudumu. Mjomba akanigeukia: "Na wewe, hao watoto wataonyeshwa mipaka na nani? Mimi nikifa, mjomba wao ni huyu. Wanamjua?"

Sikuwa na jibu. Wanangu walikuwa hawajawahi kumtia machoni.

Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwangalizi wake. Kwa hiyo mimi nina warithi, kaka ana dhamana. Hakuna awezaye kulishika shamba lile peke yake. Wakati wa kushuka, kaka ndiye aliyeanza kuitaja nyumba ya baba. Alieleza madeni aliyokuwa nayo, nami nikamweleza nilivyoumia. Hatukulimaliza, ila sasa tunalizungumza wenyewe. Likizo ya shule wanangu watapanda mlima na mjomba wao.

Msomaji, kama mama yako ni wa Uluguru na hujafika kwao, nenda. Beba sweta, na usiende bila ndugu yako. Mipaka ya huko iko vichwani mwa wazee, na wazee hawatusubiri tumalize ugomvi.