Saa ya Mtoto na Saa ya Kafyu

Sisi wakunga tuliovaa sare miaka ya 1970 tulifundishwa kusubiri kabla ya kufundishwa kushika. Hapa Khwisero mama aliletwa kwenye karia ya baiskeli, matope ya barabara ya Khumusalaba yamemfika magotini, nasi tukaweka pembe ya mbao tumboni na kuhesabu mapigo ya mtoto, taa ya chemni ikififia. Dripu ya kuanzisha uchungu tuliijua, na kwa kuijua tuliiogopa: ikienda mbio, kizazi huweza kupasuka. Ndiyo maana aliyepitisha wiki zake tulimwandikia barua, aanzishiwe palipo na chumba cha upasuaji. Njia ilikuwa mbaya, lakini haikufungwa.

Machi 2020 korona iliifunga. Kafyu ilianza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Wagonjwa waliruhusiwa kupita, ila mwenye bodaboda alihofia rungu la polisi. Nairobi, Daktari Jemimah Kariuki alihangaika hadi wajawazito wakapata magari ya bure usiku. Huku kwetu tulilipima jua. Nilikuwa nimestaafu, lakini mlango wa mkunga haustaafu. Alasiri moja binti wa jirani aliketi kizingitini pangu, beseni na leso mkononi, barakoa shingoni, bila uchungu wowote. "Kukhu," yaani bibi, "niandikie wanianzishie leo, giza lisinikute njiani." Kadi yake ilisema wiki 38, naye na mtoto walikuwa wazima. Sikumwandikia. Tulimtafutia shangazi anayeishi karibu na hospitali. Akakaa kwake siku tisa, uchungu ukaja wenyewe, akajifungua salama.

Wakati huohuo, Marekani na Uingereza, baadhi ya hospitali ziliwatia akina mama kijiputo cha kulegeza mlango wa kizazi, kisha wakaenda kusubiri nyumbani, wodi zisijae. Ni busara, kwa mwenye gari uani.

Kafyu iliondolewa Oktoba 2021. Ninyi wakunga vijana mna mashine zinazosikia kuliko pembe yetu, na tunajivunia mikono yenu. Urithi wetu kwenu ni mdogo: mama akiomba aanzishiwe, someni kadi yake, kisha mumuulize anaogopa nini. Huenda mtoto wake hajachelewa. Ni njia tu inayomtia hofu.