Matundu saba si chaja saba

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu tuongee kuhusu stima, maana programu bila stima ni hadithi tu. Kuna swali ambalo limenifikia mara nyingi: je, naweza kuchomeka vifaa vyangu vyote vya USB kwenye habu moja bila kuunguza kitu? Jibu fupi ni ndiyo, ukipiga hesabu kwanza. Jibu refu ndilo hili.

Mimi naishi Kihoto, hapa Naivasha, kaunti ya Nakuru. Wengi mmelisikia jina la mtaa huu kwa sababu ya ziwa. Maji ya Ziwa Naivasha yaliingia mtaani mwaka 2020, na mwishoni mwa 2025 yakaingia tena, watu wakatolewa kwa mashua kutoka nyumba walizojenga kwa jasho lao. Wakati kama huo simu si pambo. Ndiyo M-Pesa yako, ndiyo tochi yako, na ndiyo njia ya kujua watoto wamelala kwa nani. Kwa hiyo kila kibanda chenye stima kinajaa simu za watu.

Jirani yangu ni mama mmoja mwenye saiba upande ambao maji hayakufika. Aliniita kwa sababu hapa mtaani ukijua kompyuta basi wewe ni fundi wa kila kitu.

"Kijana wangu, hiki kidude kina matundu saba. Nikiweka simu kila tundu kuna ubaya?"

Kwenye hiyo habu tayari kulikuwa na modemu ya intaneti na diski ya nje. Kila alipoongeza simu ya mteja, modemu ilikata. Mtu yuko katikati ya kujaza fomu ya serikali, ukurasa unaganda, anaanza upya. Na foleni inangoja.

"Ubaya upo, mama," nikamwambia. "Lakini si wa kompyuta. Ni wa kugawa."

Haya, tugawe. Habu haitengenezi stima, inagawa tu ile iliyopewa. Tundu la USB 2.0, kiwango kilichotoka mwaka 2000, linaahidi miliampea 500 kwa volti 5. USB 3.0 ya mwaka 2008 ilipandisha hadi 900. Sasa ukiwa na habu isiyo na adapta yake, inayokula kwa kompyuta peke yake, hizo 500 ndizo chakula cha nyumba nzima. Kiwango kinaitengea habu yenyewe hadi 100, na matundu manne 100 kila moja. Chukua simu ya kisasa yenye betri ya miliampea-saa 5,000: kwa miliampea 100 itachukua saa 50, kabla hatujahesabu kinachopotea njiani. Siku mbili na ushei! Na simu ikiwa imewashwa inaweza hata isipande kabisa.

Habu ya mama ilikuwa na adapta yake, imeandikwa 5V 2A. Ampea 2 gawa kwa matundu 7 ni kama miliampea 285 kila tundu. Modemu ya kuchomeka inaweza kufika karibu 500 inapotafuta mtandao. Diski ya nje ya kuzunguka inaweza kukaribia ampea 1 nzima inapoanza tu kuzunguka. Hao wawili peke yao wanakaribia 1.5. Ongeza simu mbili tatu zenye njaa, volti zinashuka. Kwenye tundu la habu yenye adapta, kiwango hakitaki volti zishuke chini ya 4.75. Zikishuka, modemu inajizima na kujiwasha. Wala si laini mbaya, wala si virusi.

Waya nao una sehemu yake. Zile waya nyembamba za bei rahisi, namba 28 kwa vipimo vya mafundi, zina ukinzani wa takriban omu 0.43 kwa mita moja ukihesabu kwenda na kurudi. Pitisha ampea 2 na utapoteza karibu volti 0.85 njiani. Simu inabaki na 4.15. Iliyopotea imegeuka joto, karibu wati 1.7, ndiyo maana waya unakuwa moto mkononi. Waya mnene wa namba 24 hupoteza kama 0.34 tu. Mfupi na mnene, hiyo ndiyo kanuni.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Simu huuliza kabla ya kuvuta. Kulingana na utaratibu wa kuchaji uliokamilishwa mwaka 2010, chaja halisi huunganisha zile nyaya mbili za data, na simu ikiona hivyo inajua inaweza kuvuta hadi ampea 1.5. Habu ya kawaida haisemi hivyo, kwa hiyo simu nyingi zinajizuia zenyewe. Ndiyo sababu ya kichwa cha makala haya.

Sasa tuje kwa hatari yenyewe. Volti 5 hazikuui. Kinachoua ni zile 240 zilizo nyuma yake. Ndani ya adapta nzuri kuna nafasi na kizuizi kati ya upande wa 240 na upande wa 5. Katika adapta bandia nafasi hiyo huwa finyu mno, na kizuizi kikishindwa, 240 zinafuata waya hadi kwenye simu iliyo mkononi mwa mtu. Mtu huyo akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, hapo hakuna mzaha. Wala usitegemee fyuzi ya ampea 13 kwenye plagi: hiyo inaruhusu zaidi ya wati 3,000. Adapta ndogo itayeyuka kabla fyuzi haijasikia chochote.

Tulichofanya kwa mama ni hiki:

1. Tulitenga kazi. Habu ikabaki na modemu na diski tu. Printa ina stima yake, haina neno.

2. Simu zikapata chaja yake ya matundu sita, wati 60, yenye kulinda kila tundu. Ampea 12 gawa kwa 6 ni 2 kila simu. Zaidi ya hapo hazichomekwi, hata mteja akilia. Na kwa kuwa haigusi kompyuta, virusi vya simu ya mtu havina pa kupitia.

3. Plagi ya chaja ikawekwa fyuzi ya ampea 3.

4. Ekstensheni ikatoka sakafuni ikapigiliwa ukutani juu ya meza, na fundi mwenye leseni ya EPRA akafunga swichi inayokata stima inapovuja.

5. Tulipima habu kama inarudisha stima nyuma. Zima kompyuta, iache habu na adapta yake. Kisha chomoa waya wa stima wa kompyuta. Ukiona taa ya kompyuta bado inawaka, habu inailisha kinyume. Itupe.

Fanyeni hesabu hiyo na nyinyi leo. Soma namba ya A kwenye adapta, jumlisha vifaa vyako, acha robo kama akiba. Baada ya nusu saa shika adapta kwa mkono mkavu: ikiwa huwezi kuishikilia, punguza. Wewe mwenye kibanda hasa, kumbuka kuwa simu zilizo kwenye rafu si zako, na kwa wengine ndicho kitu pekee walichotoka nacho majini.